Uchaguzi wa fimbo na rili za uvuvi wa nzi bandia

Fimbo na rili za uvuvi wa nzi bandia ni vifaa vinavyotumika kuvua samaki kwa chambo chepesi sana, kilichotengenezwa kwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ili kifanane na mdudu, lava au samaki mdogo. Jina lisimchanganye msomaji: anayevuliwa si nzi, nzi ndiye chambo, tena wa kutengenezwa. Rili ni gurudumu dogo linalofungwa chini ya mpini wa fimbo, ambalo mshipi huviringwa juu yake.

Wavuvi wengi huanza na seti ya bei nafuu inayouzwa ikiwa kamili, yaani fimbo, rili na mshipi pamoja. Baada ya msimu mmoja au miwili huona kwamba mshipi hauendi mbali, au kwamba rili inakwama samaki anapokimbia, nao hutaka kitu bora zaidi. Bei za vifaa hivi zinatofautiana mno: fimbo ya daraja la juu ya kampuni mashuhuri za Marekani huuzwa kwa dola 1,000 hivi, na fimbo inayofaa kabisa kwa kazi ileile hupatikana kwa dola 150 hadi 250. Makala hii inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, na ni sehemu gani ya vifaa inayostahili fedha kwanza.

## Tofauti na uvuvi wa mshipi wa kawaida

Katika uvuvi wa mshipi unaojulikana kwenye pwani ya Afrika Mashariki, mvuvi hufunga chubwi, yaani kipande cha risasi, na uzito wa chubwi ndio unaovuta uzi mwembamba hadi mbali au chini kwenye kina. Katika uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Chambo hakina uzito wa maana na hakiwezi kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umepakwa plastiki, na kwa kawaida una urefu wa mita 25 hadi 30. Mvuvi huuinua majini, huurusha nyuma yake hadi unyooke hewani, kisha huurudisha mbele. Fimbo hupinda kwa uzito wa mshipi na inaponyooka huusukuma. Kwenye ncha ya mshipi huungwa uzi mwembamba usio na rangi, wa mita 2.5 hadi 4, na mwisho wake ndipo nzi hufungwa.

Kutokana na hayo, fimbo na mshipi hufanya kazi kama kitu kimoja. Fimbo ya bei kubwa iliyowekwa mshipi usioifaa hurusha vibaya kuliko fimbo ya bei ndogo yenye mshipi wake sahihi. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau.

## Namba za uzito

Kila fimbo ya aina hii imeandikwa namba juu kidogo ya mpini, kwa kawaida kati ya 1 na 14. Namba hiyo inataja uzito wa mshipi ambao fimbo ilitengenezwa kuurusha. Hapo zamani mishipi ya hariri ilipangwa kwa herufi kufuatana na unene wake. Nailoni na plastiki zilipoingia, unene haukuweza tena kuonyesha uzito, kwa hiyo chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi wa Marekani (AFTMA) kilipitisha kipimo kipya mwaka 1961. Hupimwa futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9.1, na uzito wake hutajwa kwa greni (greni moja ni takriban gramu 0.065).

| Namba | Uzito wa futi 30 za kwanza | Matumizi ya kawaida |
|---|---|---|
| 3 | greni 100 (gramu 6.5) | vijito vidogo, samaki wadogo |
| 4 | greni 120 (gramu 7.8) | trauti wa vijito |
| 5 | greni 140 (gramu 9.1) | trauti wa mito na maziwa, namba ya matumizi mengi |
| 6 | greni 160 (gramu 10.4) | maziwa, upepo, nzi wakubwa kiasi |
| 8 | greni 210 (gramu 13.6) | samoni, samaki wa maji ya chumvi yenye kina kifupi |
| 10 | greni 280 (gramu 18.1) | samaki wakubwa wa baharini |

Kwenye boksi la mshipi huandikwa alama fupi, kwa mfano WF-5-F. WF ina maana kwamba uzito umekusanyika sehemu ya mbele. 5 ni namba ya uzito. F ina maana kwamba mshipi unaelea. Herufi S huonyesha mshipi unaozama. Alama DT huonyesha mshipi uliochongoka sawasawa pande zote mbili. Mshipi wa DT hauendi mbali kama WF, lakini una faida kwa mwenye fedha kidogo: upande mmoja ukichakaa, mvuvi huugeuza na kuanza kutumia upande wa pili. Kwa kijito chembamba, ambapo mtu harushi zaidi ya mita 10, ni kama kununua mishipi miwili kwa bei ya mmoja.

Kipimo hiki kina udhaifu. Hakuna anayewalazimisha watengenezaji kukifuata, na kampuni kadhaa huuza mishipi iliyo mizito kuliko namba iliyoandikwa, pengine kwa nusu namba au kwa namba nzima. Sababu ni kwamba fimbo nyingi za kisasa ni ngumu kuliko namba zao, na mshipi mzito huzifanya zipinde. Mnunuzi anayesoma greni kwenye boksi, badala ya namba peke yake, hupunguza uwezekano wa kukosea. Huko Marekani William Hanneman alibuni njia ya kupima ugumu wa fimbo kwa kutumia sarafu za senti moja, ambazo tangu mwaka 1982 zina uzito wa gramu 2.5. Sarafu hutiwa kwenye kifuko kinachoning'inizwa kwenye ncha ya fimbo hadi ipinde kwa theluthi ya urefu wake, kisha huhesabiwa. Kwa njia hiyo fimbo mbili zenye namba 5 huweza kuonekana kuwa mbali sana kwa ugumu.

## Historia fupi ya fimbo na bei zake

Mwandishi Aeliani, aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 BK, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwa ndoana iliyofungwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Fimbo yao ilikuwa na urefu wa futi sita na mshipi wao vilevile. Rili haikuwepo, na katika aina ya uvuvi wa Japani iitwayo tenkara haipo hata leo: mshipi hufungwa moja kwa moja kwenye ncha ya fimbo.

Katika karne ya 19 mafundi wa Uingereza na Marekani walitengeneza fimbo za mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba na kugundishwa kwa gundi hadi kuwa na pande sita. Mwanzi bora ulitoka China. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za China mwaka 1950, viwanda vilikosa malighafi, na fimbo za nyuzi za kioo, ambazo tayari zilikuwa zimeanza, zikachukua nafasi. Mapema katika miaka ya 1970 zilikuja fimbo za nyuzi za kaboni, zilizo nyepesi zaidi, na karibu fimbo zote zinazouzwa leo ni za aina hiyo. Fimbo ya namba 5 yenye urefu wa futi 9 (mita 2.74) sasa huwa na uzito wa gramu 80 hadi 110 tu.

Kushuka kwa bei kulitokana zaidi na viwanda vya Korea Kusini na China. Kampuni za Marekani zilianza kuagiza fimbo huko, na baadhi yake, kama Temple Fork Outfitters, zilijijengea jina kwa bei ya kati. Sage, inayotengeneza fimbo zake za bei ya juu katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, na Redington, inayojulikana kwa bei nafuu, zimekuwa chini ya mmiliki mmoja. Fimbo ya bei nafuu ya leo mara nyingi hufuata ubunifu uliokuwa wa daraja la juu miaka kumi au kumi na tano iliyopita, nao samaki hawajabadilika tangu wakati huo.

## Nini kinaongeza bei ya fimbo

Sehemu ya kwanza ni kaboni yenyewe. Nyuzi ngumu zaidi huwezesha ukuta mwembamba na fimbo nyepesi, lakini huvunjika kwa urahisi zaidi zikigongwa. Alama kama IM6 au IM8 zinazoandikwa kwenye fimbo zilikuwa majina ya kibiashara ya mtengenezaji mmoja wa nyuzi. Si kipimo cha ubora kinachokubaliwa na viwanda vyote, na haifai kulinganisha fimbo mbili kwa alama hizo.

Sehemu ya pili ni mapambo na vifaa vidogo: koki ya mpini isiyo na mashimo, mbao za thamani kwenye kikalio cha rili, pete za titani badala ya chuma cha pua. Haya yanapendeza, ila hayamsaidii mtu kurusha.

Sehemu ya tatu haionekani dukani. Kampuni nyingi hutoa dhamana ya miaka mingi na kutengeneza fimbo iliyovunjika hata kama mwenyewe aliibana kwenye mlango wa gari, kwa malipo madogo ya huduma. Gharama hiyo imeingizwa katika bei tangu mwanzo. Anayetunza fimbo yake humlipia asiyetunza. Kwa anayeishi mbali na kampuni, dhamana hiyo ina thamani ndogo, kwa kuwa usafirishaji wa kipande kwenda na kurudi, pamoja na ushuru wa forodha, huweza kukaribia bei ya fimbo nafuu.

Kuna pia mwendo wa fimbo. Fimbo ya haraka hupinda karibu na ncha tu. Ya polepole hupinda hadi mpinini. Fimbo za bei kubwa nyingi ni za haraka, kwa sababu mrushaji hodari huweza kupeleka mshipi mita 25 au zaidi. Lakini trauti wengi mtoni hupatikana ndani ya mita 12. Kwa umbali huo fimbo ya mwendo wa kati humsamehe mvuvi makosa yake na huulinda uzi mwembamba usikatike. Anayejifunza bado akinunua fimbo ya haraka sana huenda akarusha vibaya kuliko alivyofanya na ile aliyoiacha nyumbani.

## Rili

Kwa trauti wa kawaida wa mtoni, rili ni stoo ya kuhifadhia mshipi, na breki yake haifanyi kazi kubwa. Wavuvi wengi humvuta samaki mdogo kwa mkono, wakikusanya mshipi kwa vidole. Breki ya zamani ya meno na kipande cha chuma kinacholia "kre-kre" inatosha, na ina uzuri wa kutengenezeka kwa bisibisi. Rili za mtindo huo zilizotengenezwa miaka hamsini iliyopita bado zinafanya kazi.

Hali hubadilika kwa samaki anayekimbia mita 50 au zaidi bila kusimama. Hapo breki ya sahani huhitajika, nayo lazima ianze kuteleza taratibu. Breki inayoshika kwanza kisha ikaachia kwa mshtuko hukata uzi. Baharini breki inapaswa pia kuwa imefungwa isiingiwe na maji ya chumvi wala mchanga. Kwa hiyo ushauri wa "usitumie fedha kwenye rili" ni wa kweli mtoni na ni wa hatari baharini: breki ikishindwa, samaki huondoka na mshipi mzima, na pengine na ndoana mdomoni.

Rili nafuu humiminwa kwenye kalibu; za bei ya juu huchongwa kwenye kipande kizima cha alumini. Ya kumiminwa ni nzito kidogo, na ikianguka juu ya jiwe huweza kupasuka badala ya kubonyea. Rili za plastiki ngumu nazo zipo, na kwa mtoni hazistahili dharau zinayopewa.

Kitu kinachofaa kuangaliwa ni upana wa kiini ambacho mshipi huviringwa juu yake. Kipenyo cha sentimita 5 hukusanya sentimita 16 hivi kwa mzunguko mmoja, na kipenyo cha sentimita 8 hukusanya sentimita 25. Rili nyingi za aina hii hazina gia, hivyo tofauti hiyo huonekana mara samaki anapogeuka na kumkimbilia mvuvi. Kiini kipana pia huuacha mshipi bila mikunjo mingi. Chini ya mshipi huwekwa uzi wa akiba: mita 50 hadi 100 kwa trauti, mita 200 au zaidi kwa samaki wakubwa wa baharini kama kolekole.

## Mpangilio wa matumizi ya fedha

Anayetaka kuboresha seti yake kwa fedha kidogo hupata faida kubwa zaidi kwa kuanza na mshipi. Mishipi inayokuja ndani ya seti nafuu kwa kawaida ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: hujikunja kama chemchemi, hushika uchafu na kuzama upesi. Mshipi mzuri hugharimu takriban dola 50 hadi 100, na mara nyingine humfanya mtu aipende upya fimbo aliyotaka kuiuza. Kabla hata ya hapo, mshipi wa zamani uoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, upanguswe kwa kitambaa na unyooshwe. Hili halina gharama.

Hatua inayofuata ni fimbo, kama mshipi mpya haujaondoa tatizo. Kwa trauti, fimbo ya futi 9 ya namba 5, yenye vipande vinne na mwendo wa kati au wa haraka kiasi, ndiyo chaguo lisilo na hatari kubwa. Ikiwezekana ijaribiwe nje ya duka kwa mshipi uleule utakaotumika, na kwa umbali ambao mvuvi hurusha kwa kweli. Fimbo ikitikiswa mkononi bila mshipi haionyeshi chochote isipokuwa uzito wake.

Rili huja mwisho kwa mvuvi wa mtoni, na hupanda hadi nafasi ya kwanza kwa anayehamia baharini. Kwa vyovyote rili isiwe nzito kiasi cha kuchosha kiganja, wala nyepesi kiasi kwamba fimbo ndefu inalalia mbele siku nzima.

Vifaa vilivyotumika ni njia nyingine, hasa rili, ambazo hazifichi kasoro zake. Kwa fimbo, mnunuzi apitishe pamba ndani ya kila pete: ikinasa, pete ina ufa na itakata mshipi. Maungio ya vipande yasicheze wala yasiwe na mstari wa ufa. Alama ndogo ya mgongano juu ya kaboni, mara nyingi kutokana na nzi mzito mwenye risasi, ndiyo mahali fimbo itakapovunjikia. Dhamana kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

Vifaa dhaifu kupita kiasi vina gharama kwa samaki pia. Katika mito ambako kanuni zinataka samaki arudishwe majini, fimbo ya namba ndogo mno hurefusha mapambano, na samaki aliyechoka kabisa, hasa katika maji ya joto, huweza kufa baada ya kuachiliwa.

## Afrika Mashariki

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti wa upinde wa mvua waliletwa baadaye. Leo wako katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, na kuna kituo cha kuzalishia vifaranga huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Vijito hivyo ni vyembamba na vimefunikwa na miti na mianzi, hivyo fimbo ya futi 7 hadi 8 ya namba 3 au 4 hufaa kuliko ile ya futi 9, na mshipi wa DT hupata kazi yake. Nchini Tanzania, mito ya Mnyera na Ruhudji katika bonde la Kilombero inajulikana kwa samaki wa jenasi *Hydrocynus* wenye meno makali, ambao huhitaji fimbo za namba 8 au 9 na kipande cha waya mbele ya nzi.

Kenya ina nafasi ya pekee katika biashara hii. Nzi bandia wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mkono na mafundi wa Kenya, kila mmoja kwa uzi, unyoya na ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani. Hata hivyo maduka yanayouza fimbo na rili katika kanda hii ni machache. Nzi hupatikana karibu na kwa bei ndogo, lakini mshipi na fimbo huagizwa ng'ambo, na kosa la namba ni vigumu kulirudisha dukani.

## Utunzaji

Dawa za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET huyeyusha plastiki ya mshipi. Mikono ioshwe kabla ya kuushika. Rili iliyotumika baharini isuuzwe kwa maji baridi bila presha, kisha breki ilegezwe inapohifadhiwa. Fimbo ikauke kabla ya kurudishwa kwenye mfuko wake, la sivyo koki hushika ukungu. Vipande vilivyokwama vizungushwe na kuvutwa kwa kushika kaboni yenyewe. Visishikwe kwenye pete.

Kaboni hupitisha umeme. Fimbo ya bei yoyote iwekwe chini mara radi inapoanza kusikika, na isiinuliwe karibu na nyaya za umeme zinazovuka mto.